Maswali ya Wasomaji: Bambo Haliingii Kwenye Simu

SWALI

Ndugu Mshauri,

Mimi ni katibu wa chama cha ushirika cha msingi cha mazao (AMCOS) katika Wilaya ya Nzega, mkoani Tabora. Wanachama wetu hulima mahindi na mpunga, na wachache hulima choroko. Kila mwaka mwezi Juni ukifika, madalali huingia vijijini, wengine na mizani, wengine na madebe tu, wakanunua kwa bei waipendayo wao, kwa sababu mkulima hajui Shinyanga na Mwanza wanauzaje wiki hiyo. Katika kikao cha bodi cha mwezi uliopita mjumbe mmoja alipendekeza tuanzishe mfumo wa kuuzia nafaka kwa mtandao, ili mnunuzi wa mbali auone mzigo wetu, atoe bei na alipe bila kupitia kwa dalali. Kijana mmoja fundi wa programu amesema anaweza kuutengeneza kwa miezi mitatu, na anataka nusu ya malipo kabla ya kuanza. Alikuja na picha za skrini zilizochorwa vizuri sana, na wajumbe wamezipenda. Mimi nimepewa kazi ya kuandaa andiko la mradi, lakini kila nikikaa kuandika naishia kwenye orodha ya vitu vya kununua. Tuanzie wapi?

Katibu wa AMCOS, Nzega

JIBU

Ndugu Katibu,

Nimeisoma barua yako mara mbili nikilitafuta neno moja, ghala, na sikulikuta. Umetaja madalali, bei, skrini na fundi. Mizani uliyoitaja ni ya madalali tu, wala hukumtaja mtunza ghala, ambaye kwa maoni yangu ndiye mtu wa kwanza kuulizwa katika mradi wa namna hii. Sikulaumu, maana picha za skrini zina tabia ya kuteka macho ya kikao kizima. Lakini andiko lako linaishia kwenye orodha ya manunuzi kwa sababu limeanza na chombo kabla ya kuieleza kazi.

Tazama jinsi nafaka inavyouzwa leo pale Nzega mjini. Mnunuzi anafika kwenye rundo la magunia, anatoa bambo lake, kile chuma chenye ncha cha kutolea sampuli, anachoma gunia ubavuni, na punje zinateremka kwenye kiganja. Anapuliza makapi, ananusa, anang'ata punje moja asikie kama inavunjika kwa mlio au inabonyea, kisha anachoma gunia la tatu kutoka chini, kwa kuwa anajua vyema kwamba yale ya juu yamepangwa kumpendeza. Yote hayo hayamalizi dakika tano, na ndipo anapotaja bei. Mnunuzi aliyeko Mwanza hawezi kufanya hivyo kwa simu, hata mkimtumia picha ishirini. Kwa hiyo swali la kwanza la mradi wenu ni hili: mtamwambia nini mtu huyo, na kwa nini awaamini, mpaka atume fedha kwa mzigo ambao hajauchoma?

Jibu la swali hilo limo katika viwango na vipimo. Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki, EAS 2, kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, kwa jumla isizidi sehemu 10 kwa bilioni na ile ya aina ya B1 isizidi 5, na kinagawa madaraja kwa kuangalia punje zilizovunjika, zilizooza, zilizoliwa na wadudu, pamoja na takataka. Wajumbe wako wanaweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya wataalamu, kwa hiyo wafanyie hesabu hii mbele yao. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18 lina kilo 82 za mahindi hasa, na kilo 18 zilizobaki ni maji. Likikaushwa mpaka asilimia 13.5 litabaki na kilo 94.8. Mnunuzi wa magunia 200 ya namna hiyo amelipia zaidi ya tani nzima ya maji, na akishagundua hilo kinuni kwake, hatarudi kwenye mfumo wenu, na atawasimulia wenzake. Kipima unyevu ni kifaa kidogo kinachoshikika mkononi, na katika andiko lako kinapaswa kutajwa kabla ya kompyuta. Huko kijijini, kabla mzigo haujapakiwa kwenye mkokoteni, mkulima anaweza kupima mwenyewe kwa chumvi: atie mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, aitikise kwa dakika chache, aiache itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15, na mahindi hayo yarudi kwenye turubai yakaanikwe.

Sumukuvu ni habari nyingine, kwa kuwa haionekani kwa jicho wala haisikiki kwa jino. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kama hamna uwezo wa kuipima, mfumo wenu uandike waziwazi kwamba mzigo haujapimwa sumukuvu, na mnunuzi anayehitaji cheti agharimie kupeleka sampuli maabara. Neno "haijapimwa" litawapunguzia wateja wachache. Neno "salama" lisilo na kipimo nyuma yake linaweza kukifikisha chama mahakamani.

Namna ya kuchukua sampuli nayo iandikwe. Utaratibu uliozoeleka kwa nafaka ya magunia ni kwamba, yakiwa hayazidi 10, yote huchomwa bambo. Yakiwa kati ya 10 na 100, huchomwa 10 yaliyochaguliwa bila upendeleo. Yakizidi 100, huchomwa idadi iliyo karibu na kipeuo cha pili cha jumla, kwa maana kwamba magunia 200 yanahitaji sampuli kutoka magunia 15 hivi. Sampuli ichanganywe, igawanywe, na sehemu moja ifungwe kwa lakiri na kubaki ghalani mpaka mnunuzi akiri kuupokea mzigo, kwa kuwa siku ya ugomvi mfuko huo mdogo utakuwa na thamani kuliko programu nzima.

Wafanyabiashara wa Chicago walioanzisha soko lao la nafaka mwaka 1848 waliyapitia hayohayo: ilibidi kwanza ngano itenganishwe kwa madaraja ndipo karatasi ya ghala iweze kuuzwa mahali pa ngano yenyewe. Karibu yetu zaidi, soko la bidhaa la Ethiopia, lililofunguliwa Aprili 2008, lilikuwa na maghala, wapimaji na madaraja, na bado biashara ya mahindi na ngano ilisuasua, hata likapata nguvu lilipoingizwa zao la kahawa. Kahawa husafirishwa nje na hupitia njia chache. Mahindi huliwa popote, huuzwa popote, na faida yake kwa gunia ni ndogo. Sikuandikii hayo ili mkate tamaa, bali mpange kwa udogo unaolingana na zao mlilonalo. Kwa msimu wa kwanza chagueni mahindi peke yake, ghala moja, na wanunuzi wasiozidi watano ambao mmekwenda kuwaona kwao. Mpunga usubiri, maana una tabu zake za mbegu kuchanganyika. Choroko iacheni kabisa nje ya mradi, kwa kuwa katika baadhi ya mikoa imeingizwa kwenye stakabadhi ghalani na minada ya Soko la Bidhaa Tanzania, na chama hakina sababu ya kushindana na utaratibu wa Serikali.

Sasa nirudi kwenye andiko lako. Weka kando ile orodha, nenda ukakae ghalani siku nne au tano na daftari, uandike safari ya gunia moja tangu linaposhushwa kwenye mkokoteni mpaka Fuso linapoondoka nalo. Nani analipokea? Analipima nani, na mwenye gunia anasimama wapi wakati wa kupima? Namba ya uzito inaandikwa wapi kwanza? Gunia likikutwa na mahindi mabichi chini na makavu juu, nani mwenye mamlaka ya kulikataa hata kama ni la mwenyekiti? Bei ya mnunuzi ikifika, mkulima anaulizwa au bodi inaamua kwa niaba yake? Kila jibu utakaloandika ni kifungu cha mahitaji ya mfumo, na kila mahali utakapokuta wajumbe wawili wanajibu tofauti, ujue kwamba hapo fundi angejiamulia mwenyewe.

Liko swali jingine, la mzigo mmoja kushikwa na wanunuzi wawili, nalo nalisisitiza kwa sababu limewahi kunifika. Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia kikundi kimoja kuuza mahindi kwa orodha iliyowekwa mtandaoni. Asubuhi moja yaliingia malori mawili kwa ajili ya magunia yaleyale 180. Mnunuzi mmoja alikuwa amelipa jioni, wa pili alilipa alfajiri, na mtunza ghala alikuwa hajaibadilisha orodha kwa kuwa umeme ulikatika na simu yake ikazima. Dereva wa lori la pili alilala pale siku mbili, akidai posho kwa kila aliyepita. Tangu hapo nasema kwamba kila fungu la mzigo liwe na namba yake na hali moja tu kwa wakati mmoja: lipo, limeshikwa, limelipiwa au limetoka. Likishikwa na mnunuzi mmoja, mfumo wenyewe umfungie wa pili, na asipolipa ndani ya muda uliowekwa, tuseme saa 24, lifunguke. Marekebisho yoyote yaache alama ya nani aliyefanya na saa ngapi, na kusiwe na kitufe cha kufuta. Kitabu cha karatasi chenye nakala tatu na kurasa zenye namba kibaki ghalani; mtandao ukikatika kazi iendelee kwenye kitabu, na mfumo uje ufuate kitabu.

Mkulima mwenyewe hahitaji programu kwenye simu. Wengi wana simu ndogo za kitochi, na wanachotaka kujua ni mambo matatu: mzigo wangu umepokelewa kilo ngapi, bei iliyotolewa ni ipi, fedha yangu imetoka lini. Hayo yote yanaenea kwenye ujumbe mfupi wa herufi 160. Menyu ya nyota na alama ya reli nayo inapendeza, ila skrini yake moja haizidi herufi 182 na namba yake fupi ina taratibu na gharama za kila mwezi. Iache kwa mwaka wa pili. Wanaohitaji kuingia kwenye mfumo wenyewe msimu huu ni mtunza ghala, mhasibu na wale wanunuzi watano, basi.

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi ingawa ndipo miradi mingi hujikwaa. Chama kisipokee na kuzishikilia fedha za wanunuzi kwenye namba ya simu ya mtu, hata kama mtu huyo ni mweka hazina anayeaminika. Kutoa huduma ya malipo kwa watu wengine kunahitaji leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, kwa hiyo mkubaliane na benki ifungue akaunti maalumu ambayo fedha hukaa mpaka mnunuzi akiri kwamba mzigo umepakiwa kwa uzito na daraja alilonunua. Vilevile msiite karatasi yenu "stakabadhi ya ghala" kama ghala halina leseni chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005. Iiteni hati ya kupokelea mzigo. Majina, namba za simu na kilo za wanachama ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayezikusanya ajisajili kwa Tume husika. Mizani ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kabla ya msimu, na lumbesa isivuke mlango wa ghala: gunia lisizidi kilo 100, liwe la mwanachama au la mjumbe wa bodi. Kabla ya yote hayo, makisio ya mradi yapitishwe na mkutano mkuu, nanyi mwulize afisa ushirika wa wilaya ni mambo gani tayari yamo katika MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, msije mkalipia kitu ambacho mnacho.

Huyo kijana fundi simjui, na huenda ni hodari. Hata hivyo nusu ya malipo kabla ya kazi ni kubwa mno. Mgawie malipo kwa hatua zinazoonekana: sehemu ndogo akimaliza kuandika mahitaji na mtunza ghala akayatia saini, sehemu ya pili mfumo ukipokea na kutoa mzigo wa majaribio mbele ya bodi, sehemu kubwa baada ya msimu mzima wa mauzo, na kiasi kibaki kwa matengenezo ya mwaka mmoja. Mkataba useme kwamba msimbo chanzo, hifadhidata na jina la tovuti ni mali ya chama, na nywila kuu zikae kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sefu ya chama. Nimeona chama kikibaki na mfumo usioweza kufunguliwa na mtu yeyote kwa sababu fundi alipata kazi mkoa mwingine.

Katika mgawanyo wa fedha, mimi ningetenga nusu kwa ghala, yaani mizani, vipima unyevu, chaga, turubai na mafunzo ya wapimaji. Robo kwa programu. Na robo kwa gharama za mwaka wa pili, ambazo waandishi wa miradi huzisahau kwa kuwa mwaka wa kwanza ndio wenye sherehe. Kwa kalenda yenu, mahitaji yaandikwe wakati wa masika watu wakiwa na nafasi jioni, majaribio yafanyike kwa magunia machache ya akiba yaliyomo ghalani, na mauzo yaanze pale tu mahindi yatakapokauka, hata kama itakuwa Julai.

Limebaki suala la madalali. Umeandika kana kwamba shabaha ya mradi ni kuwaondoa, na hapo sikubaliani nawe. Dalali wa Nzega ndiye anayemkopesha mkulima ada ya shule mwezi Februari, akalipwa kwa mahindi mwezi Juni, na mahindi hayo yameuzwa yangali shambani. Mfumo wenu hautayaona kamwe. Ama chama kiwe na mkopo mdogo wa miezi ya njaa kabla ya mavuno, ama mkubali kwamba sehemu ya mavuno ya wanachama si yenu kuuza, na mkadirie mzigo wa mradi kwa kilo zilizo huru. Wengine kati ya madalali hao wana malori na wanazijua njia. Mkiwasajili kama wasafirishaji au hata kama wanunuzi wanaotoa bei mbele ya wenzao, mtapata zaidi kuliko kupigana nao.

SWALI

Mshauri, shikamoo.

Nimesoma kompyuta chuoni na nimerudi nyumbani Kasulu, mkoani Kigoma, ambako mjomba wangu ananunua maharage na kuyapeleka Kigoma mjini, na mara nyingine kwa wateja wa Burundi. Nataka nimtengenezee yeye na wenzake mfumo wa mtandaoni wa kuuza. Nianze na lugha gani ya programu, na je, niweke na faranga za Burundi?

Kijana wa Kasulu

JIBU

Marahaba, kijana wangu.

Lugha yoyote unayoijua vizuri inatosha. Wateja wa mjomba hawataiona. Mimi ningekuomba usiandike hata mstari mmoja kwa msimu huu. Fungua kundi la WhatsApp la mjomba na wateja wake, pamoja na jedwali la kawaida la kompyuta, na kila mauzo yanayofanyika uyaandike: tarehe, aina, kilo, bei, aliyelipa, siku fedha zilipofika, na sababu kama biashara ilivunjika. Baada ya miezi mitatu safu ya mwisho ndiyo itakayokuambia utengeneze nini.

Kwenye maharage utakutana kwanza na tatizo la majina. Aina moja huitwa hivi Kasulu na vingine Kigoma mjini, na "njano" ya muuzaji mmoja ni mchanganyiko kwa mwingine. Tengeneza ubao wa sampuli: vichupa vidogo vyenye aina zote mnazouza, kila kimoja na namba, na kila mteja mkubwa awe na seti yake. Baadaye mteja akiagiza namba 4, wote mtakuwa mnaangalia punje ileile.

Faranga ziache. Bei iwe ya shilingi, mzigo ukabidhiwe upande wa Tanzania, na mnunuzi ashughulike na kubadilisha fedha zake. Mauzo ya kuvuka mpaka, iwe Manyovu au kwingineko, yanahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), pamoja na taratibu za forodha, na jambo hilo mjomba alifanye kwa jina la biashara iliyosajiliwa kabla wewe hujaliwekea kitufe. Ukimaliza msimu, niletee jedwali lako tulitazame. Na usisahau kuandika hata yale magunia ambayo mjomba aliuza kwa mkopo kwa jirani, kwa kuwa ndiyo atakayoona haya kukutajia.